Wazee Wasio na Vichwa

Simu ya Matroni Wawira ilimpata Mukiri akiwa amevua viatu chini ya meza, na haikuanza kwa salamu.

"Mukiri, umefanyia wazee wangu nini? Hawana vichwa!"

Mukiri hakushtuka. Mtu aliyeshinda miaka kumi na minne mbele ya kompyuta hashtuki upesi. Alivuta kibodi, akafungua tovuti ya makao ya wazee, akaandika neno "mzee" kwenye kisanduku cha kutafutia. Matokeo yakajipanga mstari kwa mstari, na kweli, Matroni hakuwa ametia chumvi. Wazee thelathini na wanane, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kichwa. Kulikuwa na matumbo. Kulikuwa na vifungo, leso zilizofungwa kiunoni, mikono iliyoshika mikongojo. Chini ya kila tumbo paliandikwa jina, ikiwa jina lilijulikana, na mahali mwenye tumbo alipookotwa.

"Nimeona," alisema.

"Umeona! Sasa mtu akitafuta babake atamjua na kitovu?"

Makao yenyewe yako Kanja, upande wa Embu, kilomita nyingi kutoka Makutano ya Meru ambako Mukiri ana chumba chake cha kazi, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo. Akina mama wa kanisa ndio walioyaanzisha, kwa ajili ya wazee wanaookotwa barabarani wakiwa wamepoteza kumbukumbu. Mzee anatoka nyumbani asubuhi kwenda kuangalia ng'ombe, anaonekana jioni katika mji asioujua, hajui jina lake wala la chifu wake. Akiwa na bahati anapelekwa kwa Matroni Wawira. Mukiri alijitolea kuwafanyia tovuti Jumapili moja, kanisani, siku ambayo alijisikia na nguvu. Nguvu ziliisha, lakini ahadi ya kanisani huendi ukairudisha kama sufuria uliyoazima. Alikuwa na tovuti nyingine tano za kuangalia, za shule na za hoteli na ya chama cha wenye magari, na kila mwenye tovuti aliamini yake ndiyo pekee duniani.

Kisa cha vichwa kilianza kwa nia njema. Tovuti ile ina plagini, yaani kiprogramu kidogo kilichochomekwa ndani yake, ambacho huchukua habari za kila mzee na kuzipeleka kwenye faharasa ya utafutaji. Mtu akitafuta, majibu hutoka kwenye faharasa hiyo, picha pamoja na maneno. Hadi wiki iliyotangulia plagini ilikuwa ikipeleka picha zenyewe, kubwa, jinsi zilivyotoka kwenye simu ya Matroni. Watu wa vijijini wakifungua ukurasa walibaki wakitazama kiduara kinazunguka, na data ikiisha kabla hawajaona uso wa tatu. Malalamiko yalikuwa mengi. Basi Mukiri akaingia kwenye mipangilio, akaiambia plagini ipeleke zile picha ndogo kabisa, ambazo mfumo hujikatia wenyewe kila picha inapopakiwa. Ukurasa ukawa mwepesi. Alijipongeza kwa chai ya tangawizi na akaenda nyumbani mapema.

Ila zile picha ndogo ni za mraba, na mfumo huzikata kutoka katikati. Kwa picha ya mtu aliyekaa kiofisi, katikati ni uso. Lakini Matroni Wawira hapigi watu picha za kiofisi. Kwake, na kwa kila mama wa rika lake kutoka Runyenjes hadi Kanja, mtu mzima hakatwi miguu. Picha ya heshima ni mtu kusimama wima, kofia ionekane na viatu vionekane, na kama viatu havipo, basi aazimwe. Kumpiga mzee picha ya kifuani ni kama kumwambia amebaki nusu. Hivyo picha zote thelathini na nane zilikuwa ndefu kama milango, na katikati ya mlango ndipo palipo na tumbo.

"Nitarekebisha, Matroni," alisema Mukiri.

"Rekebisha haraka. Ile barua ya kaunti imekuja. Runyenjes anaenda Jumatatu ijayo."

Hapo ndipo Mukiri alipovaa viatu tena, sijui kwa nini, pengine kwa sababu habari nyingine huwezi kuzipokea ukiwa miguu mitupu. Runyenjes lilikuwa jina walilompa mzee aliyeokotwa kwenye stendi ya Runyenjes, karibu mwaka mzima uliopita. Jina lake hasa halikujulikana kwa sababu mzee huyo haongei. Wanampa uji anakunywa, wanamwonyesha kitanda analala, wanamsemesha kwa Kiembu, kwa Kiswahili, hata kwa Kikamba, naye anatazama midomo yao tu. Utaratibu ulikuwa kwamba mzee asiyedaiwa na mtu kwa mwaka mmoja ahamishiwe makao makubwa, nje ya kaunti, mbali. Huko angepewa jina jipya kwenye faili na picha yake ingetolewa kwenye tovuti ya Kanja. Kama alikuwa na mtu wa kumtafuta, mtu huyo alikuwa na siku saba kumwona. Na jina lake halimo kwenye faharasa, kwa hiyo angemwona kwa picha au asimwone kabisa.

Mukiri alikaa na kazi hiyo siku tatu. Usidhani ni kazi ngumu ukielezwa. Unauambia mfumo utengeneze ukubwa mwingine wa picha, usiokatwa katikati bali kutoka juu, kwenye uso. Unazikata upya picha zote za zamani. Unaifuta faharasa na kuijaza tena. Mambo matatu, mtu anaweza kuyaandika nyuma ya tiketi. Lakini Jumatatu stima ilipotea saa nane ikarudi jioni. Jumanne plagini ilijaza faharasa hadi asilimia sitini na moja ikakwama, akaanza upya, ikakwama tena pale pale kwenye sitini na moja. Aliandika swali kwenye jukwaa la watengenezaji wa plagini. Mtu fulani, ambaye bila shaka anaishi mahali stima haipotei, akamjibu ajaribu kuizima na kuiwasha. Aliizima, akaiwasha. Mwalimu mkuu wa moja ya zile shule akapiga simu mara nne kuuliza kwa nini jina lake linaonekana kwa herufi ndogo kuliko la naibu wake.

Mgongo ulimuuma chini ya mabega, pale panapouma kila siku, na macho yalimwasha kama aliyekatakata vitunguu. Alikuwa na miaka arobaini na miwili na alichoka kwa uchovu usioisha kwa usingizi. Alijiuliza, si mara moja, kama kuna mtu yeyote anayetafuta hao wazee. Takwimu za tovuti zilionyesha wageni wachache, na wengi wao walikuwa roboti. Hilo hakuwahi kumwambia Matroni.

Jumatano saa kumi na moja jioni asilimia zikafika mia. Mukiri alikuwa ameweka alama kwenye kisanduku kinachosema vipande vya zamani vifutwe ili kuokoa nafasi. Akatafuta "mzee". Nyuso zikatokea, safi, nyepesi, thelathini na nane, kila mmoja na pua yake.

"Wako na vichwa!" Matroni alipiga kelele kwenye simu. "Mungu akubariki, hata Runyenjes anaonekana kama mtu!"

Mukiri alifunga ofisi akiwa na furaha kidogo, ile furaha nyembamba ya mtu aliyemaliza.

Ijumaa asubuhi mwanamke alipanda ngazi polepole, akabisha ingawa mlango ulikuwa wazi. Alikuwa na umri wa kumkaribia Mukiri, amevaa mabuti ya shambani yenye udongo mweusi wa Kibirichia, huko huko Meru, na mkononi alishika karatasi iliyoandikwa anwani ya ofisi.

"Madam, ni wewe unawekanga wazee kwa simu?"

"Ni mimi. Karibu, mama. Keti."

Hakuketi. Alisema anaitwa Eunice, mkulima wa viazi, na kwamba babake, Mzee Kailemia, alitoka nyumbani mwaka jana wakati wa kuvuna akapotea. Walitafuta hospitalini na polisi na mochari, hadi Isiolo. Kaka zake walishachoka. Yeye hakuchoka, au alichoka lakini hakujua namna ya kuacha.

"Jumanne nikiwa soko, msichana wa dada yangu alinionyesha hiyo kitu yenu. Ilikuwa matumbo tu. Tukacheka kidogo, Mungu anisamehe. Halafu nikaona kifungo."

"Kifungo?"

"Koti ya baba. Koti nzito ya kijivu. Kifungo cha tatu kilitoka, na sikuwa na uzi, nikashona na uzi wa bluu, ule wa kushonea gunia ya viazi. Nilipitisha mara nyingi, ikatoka msalaba mkubwa. Aliniambia nimemharibia koti. Ni mimi nilishona, madam. Naijua kama mkono wangu. Nikafinya hiyo picha nione mzima, ikazunguka, ikazunguka, data ikaisha."

Alikuwa amerudi nyumbani, akawaita kaka zake, na Alhamisi wakafungua tovuti kwa simu ya kaka mkubwa. Matumbo hayakuwepo. Kulikuwa na nyuso. Kaka zake waliziangalia zote, mmoja baada ya mwingine, wakasema baba hayumo. Kaka mkubwa akamshika bega akamwambia, dada, umechoka, tuachie Mungu.

"Sasa nimekuja kuuliza," Eunice alisema, "ile picha ya kifungo nani alitoa?"

Siku tatu Mukiri alizikodolea macho picha zile, amezikata, amezipeleka, amezifuta, na hakuwahi kuona kifungo chochote. Aliona matumbo, akaona ni kosa la kusahihisha.

"Ni mimi niliitoa," alisema. "Lakini picha nzima zipo. Vuta kiti, mama, tutaangalia moja moja."

Picha asili zilikuwa nzito na mtandao ulikuwa wa Ijumaa, wa kujikokota. Kila moja ilifunguka kutoka juu kwenda chini, kofia kwanza, kisha uso, kisha shingo, na Eunice aliinama mbele akingoja kifua kifike. Bibi mmoja, bibi wa pili. Picha ya tisa ikamletea mzee mrefu mwenye sikio moja lililokunjamana, na chini ya uso wake, koti la kijivu na kifungo cha tatu chenye msalaba wa bluu.

"Ndiyo hiyo!" Eunice alisimama. Kisha akautazama uso. "Lakini huyu si baba."

Picha ya kumi na moja, mzee mfupi, macho yenye ukungu. Koti la kijivu, msalaba wa bluu.

"Huyu pia si yeye."

Ya kumi na mbili, koti lile lile. Ya kumi na nne. Ya kumi na tano, mtu mwembamba ambaye mikono ya koti ilimfunika vidole. Mukiri aliendelea kubonyeza kwa sababu hakujua la kufanya badala ya kubonyeza. Wanaume kumi na mmoja walikuwa wamevaa koti moja.

Eunice alirudi nyuma hadi akagusa ukuta. Sauti yake ilipotoka haikuwa kubwa. "Walimvua. Wamemvua baba yangu koti wakagawana. Mtu mzima havuliwi koti akiwa hai, madam. Niambie tu. Alikufa lini?"

Mukiri pia alikuwa amewaza hivyo hivyo. Alimpigia Matroni Wawira na kuiweka simu mezani kwa sauti ya juu.

"Matroni, niko na mgeni hapa. Hilo koti la kijivu ambalo wanaume wamevaa kwa picha, ni la nani?"

"Koti gani? Aah, hiyo." Matroni alicheka. "Hiyo ni koti yetu ya picha. Hakuna mzee wangu atapigwa picha na sweta imetoboka kiwiko. Siku ya picha walipanga laini, mmoja akimaliza anavua, anapatia mwingine. Mbona, kuna mtu amelalamika?"

"Ilitoka wapi?"

"Ilikuja na Runyenjes. Ilikuwa mpya mpya, imepata tu matope. Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa na homa, hakutoka kitandani. Nilimpiga picha baadaye na hiyo sweta ya msaada."

Mukiri alimtazama Eunice. Eunice alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Wakafungua picha ya Runyenjes. Ilishuka polepole kama nyingine, paji la uso, macho, mashavu yaliyobonyea, kidevu kilichonyolewa. Eunice aliitazama muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma, akakaribia tena. Machozi hayakutoka. Alionekana kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua vizuri.

"Sijui," alisema. "Sijui, madam. Baba ana ndevu. Baba ni mtu mnene. Huyu ni mzee sana."

"Tulinyoa juu ya chawa," sauti ya Matroni ilitoka mezani, ya chini sasa, maana alikuwa ameelewa mgeni ni nani. "Na mashavu, mama, alikuja hivyo. Sijui alitembea siku ngapi kabla wamwone. Ngoja. Yuko hapa nje kwa jua. Ngoja nimpatie simu."

Walisikia hatua zake, kuku, mlango wa bati. Walisikia Matroni akimwita guka, yaani babu, na kumwambia kwa Kiembu, shika hapa, weka kwa sikio. Kisha wakasikia mtu anapumua.

Eunice aliinama juu ya meza. Alimsemesha kwa Kimeru, taratibu, akimwita baba, akijitaja jina lake na jina la mamake marehemu. Pumzi ziliendelea. Alisema tena. Lori lilipita barabarani chini na dirisha likatetemeka, na Mukiri akalichukia lori lile kwa moyo wake wote.

Kisha sauti ikatoka, kavu, yenye kukwaruza, sauti ya mtu aliyekuwa amenuna kwa muda mrefu. Nayo ilikuwa kwa Kimeru.

"Umechelewa."

Huko Kanja Matroni Wawira alipiga kelele moja fupi.

"Umechelewa," alisema tena Mzee Kailemia. "Nimekaa hapa na njaa, na wewe uko wapi?"

"Nilipitia sokoni, baba," Eunice alijibu, kama binti yeyote anayetafuta kisingizio jikoni, na hapo sauti yake ikakatika. "Nakuja. Nakuja sasa hivi. Usitoke hapo."

Alipoondoka hakuaga vizuri. Alishika mkono wa Mukiri kwa mikono yote miwili, akasahau karatasi yake mezani, na mabuti yake yakasikika yakishuka ngazi kwa kishindo, mbili mbili. Matroni aliahidi kupigia ofisi ya kaunti simu asubuhi hiyo hiyo, na kama wangeleta gari Jumatatu, alisema, wangemkuta yeye amelala mbele ya lango.

Mukiri alibaki na kompyuta. Aliingia kwenye tovuti akaitoa rekodi ya Mzee wa Runyenjes, na plagini, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, ikatii bila kukwama. Wakabaki thelathini na saba. Alijua sasa kwamba uso peke yake hautoshi, na kwamba itabidi akate upya: picha nzima ya mtu, kofia hadi viatu, ipunguzwe tu bila kukatwa popote, ipelekwe hivyo. Kuanzia sifuri tena. Wazo hilo lilimchosha hata kabla hajalianza. Lakini lilifuatwa na wazo jingine, na hilo ndilo lililomfanya achukue simu.

"Matroni, hao wanaume kumi na mmoja waliovaa koti la Kailemia. Watu wao wakiangalia picha wataona koti ambalo hawalijui."

"Ni kweli," Matroni alisema. Furaha ilikuwa bado imejaa kwenye sauti yake. "Sikuwa nimefikiria hivyo."

"Basi tuwapige upya, na nguo zao wenyewe. Zile walizokuja nazo, hata kama zimetoboka. Kuna mtu mahali alizishona, alizitia viraka. Wiki ijayo nakuja Kanja mwenyewe na kamera. Wewe zitoe tu stoo, uzianike."

Mukiri alidhani mtandao umekatika, akaita jina lake mara mbili.

"Niko," Matroni alisema. "Mukiri, zilikuwa na chawa. Kila mtu akifika tunamwogesha, tunampatia zingine. Zote tulichoma. Hiyo koti tu ndiyo niliionea huruma."